Jedwali la patisheni limefutika: uanze na gdisk, TestDisk, PhotoRec au programu ya kulipia?

Kwenye diski ya mtindo wa MBR (ule wa zamani), jedwali lote la patisheni, yaani orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa, ni baiti 64. Limekaa kwenye sekta ya kwanza kabisa (sekta ni kipande kidogo cha diski, kwa kawaida baiti 512), baada ya baiti 446 za msimbo wa kuwashia kompyuta na kabla ya alama ya mwisho, 55 AA. Kila patisheni imepewa baiti 16, zinazosema inaanzia sekta ya ngapi, ina sekta ngapi na ni ya aina gani. Mtu akichagua diski isiyo yenyewe kwenye diskpart (programu ya Windows ya kugawa diski) kisha akaandika `clean`, au akaielekeza Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia) kwenye diski ya nje akidhani ni flashi, hizo ndizo zinazoondoka kwanza. Diski ya terabaiti 1 yenye video za harusi za miaka minne inaonekana tupu, na Windows inaanza kumsihi aifomati.

Fikiria viwanja. Ramani imeungua ofisini, lakini bikoni bado zimesimama na mahindi bado yako shambani. Kuna watu watatu unaoweza kuwatuma. Wa kwanza anakwenda kutafuta nakala ya pili ya ramani: huyo ni gdisk. Wa pili anatembea bikoni kwa bikoni na kuichora ramani upya: huyo ni TestDisk. Wa tatu haulizi mipaka, anavuna kila hindi analoliona na kulitupia kwenye gunia: huyo ni PhotoRec. Programu za kulipia hufanya kazi ya wa pili na wa tatu kwa pamoja, kwa sura inayosomeka vizuri zaidi.

Kosa lililozoeleka, kuanzia stationery za Mwanjelwa hadi studio za picha za Iringa mjini, ni kumtuma wa tatu kwanza kwa sababu jina lake ndilo linalojulikana. Mwenye studio anakabidhiwa maelfu ya faili zisizo na majina wala folda, wakati huyo wa pili angemrudishia folda zake zilezile, na majina ya maharusi juu yake, ndani ya dakika kumi.

Hakikisha kwanza kwamba limefutika kweli

Baadhi ya makasha ya diski za nje hujitangaza kwa kompyuta kuwa na sekta za baiti 4096, ingawa diski iliyo ndani inasoma kwa sekta za baiti 512. Kasha likiharibika na fundi akaitoa diski na kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA, jedwali linasomwa kwa kipimo kingine: patisheni iliyoandikwa kuwa inaanzia sekta ya 256 inatafutwa mahali palipo mara 8 karibu zaidi na mwanzo, na hakuna kitu pale. Diski inaonekana kama imefutwa kumbe ni nzima. Irudishe kwenye kasha la aina ileile kabla hujaandika chochote.

Kama kweli limefutika, swali la pili ni nani amelifuta. Hapo ndipo uchaguzi wote unapoegemea.

| Kilichotokea | Kilichobaki | Anza na |
|---|---|---|
| Patisheni imefutwa kwenye Disk Management, haijafomatiwa | Mfumo wa faili wote | TestDisk |
| `clean` ya diskpart | Karibu kila kitu. Jedwali la GPT (mtindo mpya) limefutwa mwanzoni na mwishoni | TestDisk |
| ISO (faili la kuwekea mfumo) imeandikwa kwa dd, amri ya Linux ya kunakili baiti kwa baiti, juu ya diski ya GPT | Nakala ya jedwali mwishoni. Patisheni ya kwanza imefunikwa | gdisk, kisha PhotoRec kwa iliyofunikwa |
| `wipefs -a` | Kila kitu isipokuwa baiti chache za alama | Rudisha baiti zenyewe |
| Jedwali limefutwa kwenye Linux, mashine haijazimwa | Namba zote bado ziko kwenye kumbukumbu | /sys/block |
| Fomati ya haraka juu ya patisheni | Faili nyingi, na sehemu kubwa ya majina | DMDE au ya kulipia |
| `clean all`, au fomati kamili ya Windows Vista na kuendelea | Sufuri tupu | Hakuna |

Mstari wa `clean` unahitaji maelezo. Amri hiyo husafisha megabaiti 1 ya mwanzo na 1 ya mwisho. Tangu Vista, Windows huanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 2048, na sekta 2048 za baiti 512 ni megabaiti 1 kamili. Kwa hiyo ufutaji unakoma palepale patisheni inapoanzia. Diski iliyogawanywa enzi za Windows XP huanzia sekta ya 63. Hapo `clean` inaingia ndani ya patisheni na kuondoka na sekta yake ya kwanza. Kama ni flashi ya FAT32 iliyoanzia karibu vile, hata ile nakala ya sekta ya kuwashia inayokaa sekta ya 6 inakuwa imekwenda.

Windows itakuuliza mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Ikisema ianzishe diski upya kwa MBR au GPT, ukikubali kwa bahati mbaya hujaua data, ila umeziba njia ya gdisk, kwa sababu GPT mpya inaandikwa mwanzoni na mwishoni pia. Ikisema ifomati, ukikubali inaandika mfumo mpya wa faili juu ya ule wa zamani, na hapo unahama kutoka mistari ya juu ya jedwali letu kwenda ya chini. Jibu hapana kwa yote mawili, toa diski salama, na usiichomeke tena kwenye Windows mpaka ujue utakachofanya. Hasa usiruhusu chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha mfumo wa faili. Ikikuta patisheni yenye ukubwa usio sahihi, itaanza kukata na kuunganisha kulingana na kosa hilo.

Kunakili diski yote au kutokunakili

Maelekezo mengi yanasema nakili diski nzima kabla ya kuigusa. Kama una diski nyingine kubwa kuliko hiyo, fanya hivyo. Lakini diski yenye afya iliyopoteza jedwali tu inaweza kushughulikiwa bila nakala kamili, na ni afadhali kuliko kungoja wiki mbili upate hela ya diski mpya huku ile ya zamani imechomekwa kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watano. Unachohitaji ni ncha zake mbili, zihifadhiwe kwenye flashi. Amri hizi ni za Linux, na badala ya /dev/sdb weka jina la diski yako:

`sudo dd if=/dev/sdb of=mwanzo.bin bs=512 count=2048`

`sudo dd if=/dev/sdb of=mwisho.bin bs=512 skip=$(( $(sudo blockdev --getsz /dev/sdb) - 2048 ))`

Ukikosea kuandika jedwali, unarudisha faili hizo mbili mahali pake na diski inakuwa ilivyokuwa. Isipokuwa kama diski ya MBR ilikuwa na patisheni za ndani ya patisheni pana (logical ndani ya extended): maelezo yake yametawanyika katikati ya diski, na TestDisk itaandika huko pia. Hapo nakala kamili ndiyo salama.

Nakala kamili ni lazima pia diski ikiwa mgonjwa. Endesha `sudo smartctl -a /dev/sdb` na utazame mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ya mstari ikizidi 0, hasa huo wa pili, usiendelee kuitafuta chochote ndani yake. Nakili kwanza kwa ddrescue:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map`

Mzunguko wa kwanza unachukua sehemu rahisi na kuruka zinazogoma. Wa pili unarudi kwa zile zilizogoma, mara 3. Faili ile ya .map ndiyo inayofanya ddrescue ifae huku kwetu. Umeme ukikatika saa tano usiku Uyole au Mafinga, ukirudi unaandika amri ileile na inaendelea pale ilipoishia. dd ya kawaida ingeanza mwanzo. Usihifadhi nakala kwenye diski ya FAT32, maana haipokei faili inayofika gigabaiti 4.

Muda: terabaiti 1 kwa USB 3 inayokwenda megabaiti 100 kwa sekunde ni saa 2 na dakika 47. Kwa tundu la USB 2 lenye megabaiti 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa 9. Tundu la buluu (la USB 3) kwenye kompyuta mpakato linastahili kutafutwa. Diski ndogo za nje hukatika ghafla zikikosa umeme wa kutosha kutoka tunduni, kwa hiyo ukisikia inazima na kuwaka, badilisha waya au tumia habu yenye adapta yake kabla ya kuilaumu diski.

Kuna jambo la baridi pia. Diski iliyosafiri alfajiri ya Julai kutoka Makete au Njombe na kuingizwa kwenye chumba chenye joto inaweza kushika unyevu. Iache saa nzima kwenye mfuko wake kabla ya kuiwasha.

gdisk: nakala ya pili ya ramani

Njia hii ni ya haraka kuliko zote na ni sahihi hadi sekta ya mwisho, lakini ina sharti moja: diski iwe ya GPT, na mwisho wake uwe haujaguswa. MBR haina nakala ya pili popote. GPT huweka kichwa chake kwenye sekta ya 1 (ile ya kwanza kabisa huhesabiwa kuwa 0), kikianza na maneno EFI PART, na maelezo ya patisheni kwenye sekta za 2 hadi 33. Kisha hurudia yote hayo kwenye sekta 33 za mwisho za diski. Diski ya gigabaiti 500 huwa na sekta 976,773,168, kwa hiyo kichwa cha akiba kiko kwenye sekta ya 976,773,167.

Ukiandika `sudo gdisk /dev/sdb` kwenye diski iliyoharibiwa mwanzo tu, yenyewe itasema kichwa kikuu ni kibovu, cha akiba ni kizima, na inakijenga upya. Bonyeza p uone patisheni, v ihakiki, w iandike. Kazi ya dakika mbili. Ikikuuliza utumie MBR, GPT au jedwali jipya tupu, chagua GPT.

Mtego uko kwenye ISO. ISO za Ubuntu na nyingine nyingi huja na jedwali lake ndani. Ikiandikwa juu ya diski, gdisk inakuta kichwa kizima mwanzoni, inakiamini, na inakuonyesha patisheni za ISO. Usikate tamaa ukadhani nakala ya mwisho haipo. Ukishahifadhi mwanzo.bin, futa sekta ya 1 peke yake:

`sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=512 seek=1 count=1`

Ukiifungua gdisk tena, haioni kichwa mwanzoni, inakwenda kutafuta sekta ya mwisho, na ramani yako ya zamani inatokea. Soma p kwa makini kabla ya w. Patisheni zilizo mbali na mwanzo zitafunguka nzima. Ile iliyolaliwa na gigabaiti 5 za ISO haitafunguka, na hiyo ndiyo unayompelekea PhotoRec.

Kwa `wipefs -a` hali ni nyepesi zaidi. Inafuta alama tu, na inachapa kwenye skrini ilichofuta: baiti 8 mahali pa 0x00000200, yaani 45 46 49 20 50 41 52 54. Hizo ndizo herufi EFI PART. Kama dirisha bado liko wazi, usilifunge. Alama zote zilizotajwa hapo, ikiwemo ya kichwa cha mwisho na ile 55 AA ya sekta ya kwanza, zinarudishwa moja moja:

`printf 'EFI PART' | sudo dd of=/dev/sdb bs=1 seek=512`

Kwa kuwa baiti nyingine za kichwa hazikuguswa, hesabu yake ya uhakiki inakubali, na jedwali linarudi.

Na kama jedwali limefutwa kwenye Linux na diski ilikuwa inatumika wakati huo, kernel, yaani kiini cha Linux, bado inashika mpangilio wa zamani. Usizime mashine. Andika `grep . /sys/block/sdb/sdb*/start /sys/block/sdb/sdb*/size` na uzinakili namba hizo kwenye karatasi, kabisa, kwa kalamu. Ni idadi ya sekta za baiti 512. Unaziandika upya kwa fdisk, na fdisk ikikuambia patisheni ina alama ya ntfs au ext4 (mifumo ya faili ya Windows na Linux) na kuuliza iiondoe, jibu ni N. Ukibonyeza Y hapo, umeharibu ulichokuwa unaokoa.

TestDisk: bikoni kwa bikoni

Diski nyingi zinazoletwa kwa mafundi zinaishia hapa, kwa sababu kilichofuta ni diskpart au diski ni ya MBR. TestDisk ni ya bure, imeandikwa na Christophe Grenier, na ni makumi machache ya megabaiti kupakua. Kwa mtu anayetumia bando la simu hilo lina uzito: flashi ya kuwashia kama SystemRescue, yenye vifaa vyote tulivyotaja, ni karibu gigabaiti 1.

Inachotafuta ni alama za mwanzo wa kila mfumo wa faili. NTFS ina neno NTFS kuanzia baiti ya 3 ya sekta yake ya kwanza, na nakala ya sekta hiyo kwenye sekta ya mwisho ya patisheni. ext4 ina namba EF53 ndani ya maelezo yaliyoanza baiti ya 1024, na nakala zake ziko mbele zaidi. Kila alama inataja ukubwa wa patisheni yake, kwa hiyo bikoni moja iliyosalia inatosha kuonyesha na ya pili.

Endesha kwa haki za msimamizi, chagua diski kwa ukubwa wake wala si kwa kukisia, kisha aina ya jedwali. Hapa `clean` inakuletea tabu, maana hakuna dalili iliyobaki na chaguo linalopendekezwa linaweza kuwa baya. Mashine iliyouzwa na Windows 8 au ya baadaye karibu kila mara ni EFI GPT. Diski inayozidi terabaiti 2 karibu kila mara ni EFI GPT. Mashine ya Windows 7 na nyingi za zamani ni Intel. Flashi isiyo na patisheni kabisa ni None. Ukiweka Intel mahali pa GPT, data zitaonekana lakini Windows haitawaka.

Kisha Analyse, kisha Quick Search. Kwenye diski ya Windows 10 mpangilio unaweza kuwa huu: patisheni ya EFI kuanzia 2048 yenye sekta 204,800, ya akiba ya Microsoft kuanzia 206,848 yenye sekta 32,768, na C kuanzia 239,616. Jumlisha mwanzo na ukubwa wa kila moja: unaangukia mwanzo wa inayofuata, bila kugongana. Ile ya akiba ya Microsoft haina mfumo wa faili, kwa hiyo TestDisk inaweza isiionyeshe na kuacha pengo mahali pake. Namba zikifuatana hivyo, umeipata ramani halisi. Zikigongana, moja ni mabaki ya ugawaji wa zamani, pengine wa mwenye mashine kabla yako.

Usichague kwa kuona rangi ya kijani. Weka alama juu ya patisheni na ubonyeze P. Ukiona orodha ya folda zako, mipaka ni ya kweli. Ukiona ujumbe kwamba mfumo wa faili umeharibika, hiyo si yenyewe au sekta yake ya kuwashia imekufa. Usiiandike. Jaribu Deeper Search, inayopita diski nzima na kuweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati inaanza upya, kwa hiyo kwa kompyuta ya mezani tafuta UPS au hamishia kazi kwenye mashine yenye betri.

Ndani ya P kuna kitu ambacho wengi hawakijui: unaweza kunakili faili kabla ya kuandika jedwali. Bonyeza a kuchagua zote, kisha C kubwa, na uonyeshe folda iliyo kwenye diski nyingine. Kwa daftari za AMCOS ya kahawa Mbozi au matokeo ya mitihani ya kidato cha nne, ambazo zote hazifiki gigabaiti 2, hii ndiyo njia bora kuliko zote katika ulinganisho huu. Diski ya zamani haiandikwi hata baiti moja.

Ukiamua kuandika, hakikisha kila patisheni unayoitaka haina D mbele yake, bonyeza Write, kubali, kisha washa upya. Mara ya kwanza ifungue kwa kusoma tu. Kama patisheni imerudi lakini haifunguki, ingia Advanced, kisha Boot, na kama nakala ya sekta ya kuwashia ni nzima chagua Backup BS.

PhotoRec: gunia la mavuno

PhotoRec inakuja kwenye pakiti moja na TestDisk. Haisomi mfumo wa faili. Inasoma diski kizuizi kwa kizuizi na kutambua mwanzo wa kila aina ya faili. Ndiyo maana inafanya kazi hata pale jedwali, MFT (orodha ya faili ndani ya NTFS) na kila kitu kimekwenda. Na ndiyo maana inachokupa ni f1234567.jpg ndani ya recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea.

Kabla ya kuanza ingia File Opt, zima zote, washa unazotaka tu. Majina ya makundi yanapoteza watu: mp4 iko chini ya mov, docx na xlsx ziko chini ya zip, za zamani za doc na xls ziko chini ya doc. Ukiziacha zote zimewashwa utapata maelfu ya picha ndogo za tovuti na vipande vya mfumo, na diski ya kupokelea itajaa kabla ya kufika kwenye kazi yako. Ikikatika, faili ya photorec.ses inakumbuka ilipofika na itakuuliza uendelee.

Inafanikiwa sana kwa picha za JPEG, kwa sababu ni fupi na mara nyingi zimekaa mahali pamoja. Tarehe ziko ndani ya picha zenyewe, kwa hiyo majina yanaweza kurudi kwa sura nyingine:

`exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e recup_dir.*`

Video ni habari nyingine, na mwenye studio aambiwe mapema. Video ya send-off ya gigabaiti 6 kwenye diski inayotumika kuhariri mara nyingi imekatwa vipande na kutawanywa. PhotoRec inapata kichwa chake, inaendelea kusoma mbele, inakutana na faili ya mtu mwingine, na video inaganda dakika ya tatu au haifunguki kabisa. Kama faili ulizopoteza ni kubwa, kila saa unayoongeza kwenye TestDisk ina thamani kuliko saa kumi za PhotoRec.

Programu za kulipia, na DMDE iliyo katikati

Zinashinda wazi mahali pamoja: patisheni iliyofomatiwa haraka juu ya NTFS. MFT mpya ni fupi, inafunika rekodi za mwanzo za ile ya zamani, na maelfu ya rekodi zinazofuata zinabaki pale zilipokuwa, kila moja baiti 1024 yenye jina la faili, folda yake na mahali vipande vyake vilipo. DMDE, R-Studio na za aina hiyo hukusanya rekodi hizo na kujenga mti wa folda upya. TestDisk haifikii hapo. Toleo la bure la DMDE linaokoa hadi faili 4,000 kwa mara moja kutoka folda iliyo wazi, bila folda ndogo zilizo ndani yake. Kwa ofisi yenye folda ishirini inatosha ukiwa na subira.

Nyingine nyingi hukuonyesha orodha na kukataa kuhifadhi mpaka ulipe. Usilipe kwa kuona majina. Fungua onyesho la picha tano na hati tano za ukubwa tofauti, zikifunguka, lipa. Na toleo lililovunjwa (crack) linalopatikana kwenye flashi za watu liache kabisa. Unaipa haki ya msimamizi programu ambayo hujui imeongezwa nini, kwenye mashine iliyobeba data pekee uliyobakiwa nayo. Recuva haimo kwenye mashindano haya, kwani inarudisha faili zilizofutwa ndani ya patisheni inayofunguka.

Pale ambapo hakuna njia kati ya hizi inayofaa kama ilivyo

SSD iliyofomatiwa. Windows na mkfs.ext4 zinapofomati hutuma amri ya TRIM inayoiambia SSD kwamba eneo lote halina kitu, na SSD baadaye inarudisha sufuri ukisoma. Jedwali likifutika peke yake bila fomati bado kuna matumaini makubwa, lakini chukua hatua siku hiyohiyo.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Ndani ni herufi zilizovurugwa, kwa hiyo PhotoRec haitapata kitu hata kimoja. Njia ni kurudisha mipaka ya patisheni kwanza, sekta yake ya kwanza ikiwa na alama -FVE-FS-, kisha kuifungua kwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute kabla hujaanza.

Diski inayogonga au kukwaruza. Izime. Hakuna programu inayotibu kichwa cha kusomea kilichovunjika, na kila dakika ya kuwaka inakwaruza sahani zaidi. Hii ni kazi ya mtu anayeifungua kwenye chumba kisicho na vumbi, siyo juu ya kaunta barabarani. Ukiisafirisha kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushie sponji ya sentimita 5 pande zote, na aliyeipakia akae nayo miguuni, isiende kwenye buti.

Ukimpa fundi wa karibu diski nzima iliyopoteza jedwali tu, muulize maswali mawili kabla hujaiacha: je, ataihifadhi kwanza mwanzo na mwisho wake, na faili atakazozipata ataziweka kwenye diski ipi? Akijibu kwamba ataziweka kwenye hiyohiyo, ichukue urudi nayo.